Kicheko Kisichovuka Bahari: Ndoa ya Kuigiza katika Futuhi ya Kibengali na Hadhira ya Malindi na Kilifi

Wataalamu waliochunguza nafasi ya filamu za Kihindi katika maisha ya Waafrika wametufunza mengi juu ya machozi. Minou Fuglesang, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu wasichana wa Lamu, alionyesha jinsi kanda za video zilivyowapa vijana wa kike lugha ya kuzungumzia mapenzi ndani ya nyumba zenye sitara. Brian Larkin, katika makala ya 1997 juu ya Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, aliona kuwa mgogoro kati ya mapenzi na matakwa ya wazazi ndio uliozifanya filamu hizo zieleweke hata kwa mtu asiyejua neno la Kihindi. Laura Fair naye aliandika juu ya Unguja mwaka 2009, kisha juu ya miji ya Tanzania kwa mapana mwaka 2018, akatueleza namna kizazi cha miaka ya 1950 kilivyotumia filamu kama *Awaara* (1951) kujadili ni nani mwenye haki ya kuchagua mchumba. Kazi hizi ni msingi, na mwandishi wa makala haya anazifundisha kila mwaka. Hata hivyo, msomaji makini atagundua kwamba sehemu kubwa ya mjadala imesimama juu ya tanzia na usikitifu. Kicheko kimeachwa mlangoni.

Makala haya yanakusudia kukichunguza kicheko hicho kupitia msuko mmoja tu wa futuhi: mwanamume na mwanamke wasiooana wanajifanya mume na mke, na kutokana na kujifanya huko mambo yanavurugika hadi ukweli unapojitokeza. Swali letu ni la kihistoria na la kifasihi kwa pamoja. Pwani ya Malindi na Kilifi ilipokea kutoka Bara Hindi nyimbo, mavazi, na namna ya kulia. Kwa nini msuko huu wa kuchekesha haukupata makao katika sanaa ya pwani hiyo?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni *Manmoyee Girls' School*, tamthilia ya Kibengali ya Rabindranath Maitra iliyogeuzwa filamu mwaka 1935 chini ya uongozaji wa Jyotish Banerjee, Kanan Devi akiwa miongoni mwa waigizaji wakuu. Ilitengenezwa upya mwaka 1958, safari hii akiwamo Uttam Kumar, nyota mkubwa wa sinema ya Kolkata. Kisa chenyewe ni chepesi. Tajiri mwenye ardhi anaanzisha shule ya wasichana na kuipa jina la mkewe. Anataka walimu wawili, mwanamume na mwanamke, lakini lazima wawe mke na mume, maana heshima ya shule ya wasichana haikubali vinginevyo. Vijana wawili wasomi, wasio na kazi na wasiojuana, wanaomba nafasi hizo wakidai kuwa wameoana. Wanapewa kazi. Wanapewa na nyumba. Kutoka hapo kila tendo la kawaida linakuwa mtihani: namna ya kuitana, namna ya kugombana, mahali pa kulala. Mwishowe wanapendana, na uongo wao unageuka kweli.

Futuhi hii ilizaliwa katika muongo ambao wasomi wa tabaka la kati la Bengal walitafuta ajira bila kuipata, na wanawake waliosoma walikuwa wameanza kuitafuta pia. Ndiyo maana ndoa humu si jambo la moyo hapo mwanzo. Ni cheti cha kazi. Kejeli ya kitamthilia inatokana na hali kwamba hadhira inajua lile ambalo mwajiri halijui. Tunacheka kwa sababu tumehakikishiwa kwamba hawa si mke na mume. Hakuna aliyewaoza. Hapana mwali wa moto uliozungukwa, hapana kuhani, hapana jamaa. Kati ya jina la ndoa na ndoa yenyewe pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo futuhi inamochezea. Naomba msomaji aishike dhana hii ya *nafasi*, maana ndiyo inayobeba hoja yangu: ukubwa wa nafasi iliyopo kati ya kuonekana mmeoana na kuwa mmeoana ndio unaoamua kama msuko huu utakuwa futuhi, tanzia, au kesi.

Malindi na Bengal si wageni wao kwa wao. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga, mnyama ambaye bila shaka alikuwa amevushwa kutoka upande wetu wa bahari, na mwaka 1415 Malindi wenyewe wakapeleka twiga wao. Kule Uchina twiga hao walipokewa kwa jina la mnyama wa ngano ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ni mfano wa kale wa kiumbe kupewa heshima kwa jina lisilokuwa lake, nami nautaja kwa sababu unanifurahisha, si kwa sababu unathibitisha lolote. Katika karne ya 20, filamu za Kibengali zenyewe hazikuwa chakula cha hadhira ya pwani. Wahindi wa miji yetu walikuwa zaidi watu wa Kachi, Gujarati na Punjab, na sinema zilizoonyeshwa Mombasa katika kumbi kama Regal na Naaz, ambako watu wa Malindi na Kilifi nao walikwenda wapatapo nafasi, zilikuwa za Kihindi cha Bombay. Lakini Bombay ilijaa Wabengali, na futuhi ya Kibengali iliingia pwani ikiwa imevaa kanzu ya Kihindi.

Mfano wake ni *Chhadmabeshi* (1971), filamu ya Kibengali ya Uttam Kumar na Madhabi Mukherjee iliyotokana na kisa cha Upendranath Ganguly. Mwaka 1975 Hrishikesh Mukherjee, Mbengali aliyefanya kazi Bombay, aliitengeneza upya kwa Kihindi kwa jina *Chupke Chupke*, muziki ukitungwa na S. D. Burman, naye pia mtu wa Bengal. Humu Profesa Parimal, mtaalamu wa mimea, ameoa hivi karibuni. Kwa mzaha tu anajifanya dereva ili amcheze shere mume wa dada wa mkewe, mtu anayejiona hodari wa kumtambua yeyote. Rafiki wa profesa anatakiwa aingie mahali pake na kujitambulisha kuwa yeye ndiye mume. Hivyo mke halali na mwanamume asiye wake wanajifanya wameoana, huku mume halali akifungua mlango wa gari.

Niliiona filamu hii kwa mara ya kwanza utotoni, Malindi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kanda ya video iliyokwisha kukwaruzwa na mikono mingi. Mjomba ndiye aliyekuwa akitufasiria. Watoto tulicheka. Nyanya, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchele, hakucheka. Alipoelezwa kwamba yule dereva ndiye mume, na kwamba amekubali kwa ulimi wake kuwa si mume bali mtumishi, na kwamba yule mwingine ndiye anayeitwa mume wa mwanamke huyo mbele ya watu, aliweka ungo chini, akasema: "Ashamuwata huyo." Mjomba akamwambia, "Mama, hii ni sinema. Wanafanya mzaha." Akajibu kwa neno moja ambalo sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima: "Mzaha wa nini? Wa talaka?"

Nyanya hakuwa amesoma fikihi kwa vitabu vikubwa, lakini alikuwa amelelewa katika mji ambamo hadithi fulani ya Mtume inajulikana hata na wasiojua kuisoma kwa Kiarabu. Maana yake ni kwamba yapo mambo matatu ambayo uzito wake ni uzito na mzaha wake pia ni uzito: nikahi, talaka, na kurejea. Abu Daud na Tirmidhi wameipokea. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, mawalii na mashahidi wakihudhuria na sigha ya ijabu na kabuli ikatamkwa sawasawa, anayesema baadaye kwamba alikuwa akicheka hasikilizwi. Vilevile talaka ya wazi hutuka hata msemaji akiwa na kicheko mdomoni. Ni kweli kwamba nyanya alikuwa amekaza mno: maneno ya kinaya hayaleti talaka bila nia, na profesa wetu hakuwa na nia hiyo. Mwanafunzi wa chuoni angemtoa kosa. Lakini kosa lake ni la hukumu tu. Hisia yake ya kifasihi ilikuwa sahihi kuliko yetu. Aliona kwamba filamu inacheza na kitu ambacho, katika ulimwengu wake, hakina upande wa kuchezewa.

Susan Hirsch, aliyefanya utafiti katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, ameonyesha jinsi usawiri wa mume na mke katika jamii hii ulivyofungamana na usemi. Mwanamume ndiye atamkaye, mwanamke ndiye avumiliaye. Ingawa, kama anavyoeleza, mwanamke akifika mbele ya kadhi hugeuka msimulizi, na usimulizi huo humpa nguvu ambayo mila haikumkusudia. Kwa mhakiki wa fasihi jambo la kushika ni hili: ndoa hapa ni tendo la lugha. Imo katika neno lililotamkwa mbele ya masikio yanayostahili. Mtu hawezi kulitamka neno hilo kwa ndimi mbili, moja ya mchezo na moja ya kweli. Hivyo basi ile nafasi tuliyoiona katika *Manmoyee*, nafasi ya miezi kadhaa ambamo walimu wawili wanazozana, wanaficha na kupendana, katika Malindi ya Waislamu imebanwa hadi ikawa nyembamba kama ukucha. Ama akidi haijatamkwa, na wawili hao kuwa chumba kimoja ni fedheha isiyochekesha. Ama imetamkwa, na hapo wameoana.

Je, basi pwani haina ndoa ya kuigiza kabisa? Inayo, nayo ni ya kale, ila uongo wake umekaa mahali pengine. Namkusudia muhalili. Mke aliyeachwa talaka tatu hawezi kurudi kwa mumewe mpaka aolewe na mwanamume mwingine, waingiliane, kisha aachike. Tangu zamani walikuwako waume waliojutia hasira zao na wakatafuta mtu wa kuoa usiku na kuacha asubuhi. Dini imelilaani tendo hilo, likawalaani yule ahalalishaye na yule ahalalishiwaye. Mafakihi nao wakahitilafiana. Kwa Maliki na Hanbali, nia yenyewe huibatilisha ndoa. Kwa Shafii, sharti la kuacha likitajwa ndani ya akidi ndoa ni batili. Likibaki moyoni, akidi inasimama japokuwa ni makuruhu. Hapa tunapata kitu cha ajabu: ndoa ambayo maneno yake ni kweli tupu na nia yake ni uongo mtupu. Imegeuzwa kinyume cha *Manmoyee*, ambamo maneno ni uongo na nia, polepole, inakuwa kweli.

Na msuko huu ulikwisha kutiwa katika futuhi karne nyingi kabla ya Kolkata kujua kamera. Katika *Alfu Lela Ulela*, kitabu kilichosomwa pwani kwa Kiarabu na ambacho sehemu zake zilifasiriwa kwa Kiswahili katika enzi ya Waingereza, imo hadithi ya Ala al-Din Abu al-Shamat, siye yule wa taa. Kijana huyu wa Misri anaporwa njiani na kuingia Baghdad mikono mitupu. Usiku anakutana na mzee na kijana wanaogombana. Kijana amempa binti wa mzee, Zubaida, talaka tatu, na sasa wanatafuta muhalili mgeni, mtu asiye na jamaa mjini wa kumtia ukaidi. Makubaliano ni kwamba atalala usiku mmoja na kuacha asubuhi. Asipoacha, atalipa mahari ya dinari 10,000, fedha ambazo hata katika ndoto hana. Ili wasije wakapendana, ajuza mmoja anatumwa kumwambia bwana arusi kuwa bibi arusi ana ukoma, na kumwambia bibi arusi kuwa bwana arusi ana ukoma. Wanakaa kila mmoja upande wake wakiogopana. Kisha mmoja anasikia sauti ya mwingine, na sauti hiyo si ya mgonjwa. Asubuhi kadhi anamtaka aache, naye anakataa. Kadhi hana la kufanya ila kumpa muhula wa kulipa, kwa sababu mume ni mume. Khalifa Harun al-Rashid, akiwa amevaa mavazi ya dervishi, ndiye anayemwokoa na deni.

Ninapowalinganishia wanafunzi wa uzamili visa hivi viwili, huwaomba wasikimbilie kufanana kwao. Ni kweli kwamba katika vyote viwili shida ya fedha inawasukuma watu katika ndoa ya jina, masharti ya wengine yanawatenga, na mapenzi yanavunja mpango. Lakini tazama mahali ambapo taharuki imewekwa. Katika *Manmoyee* tunauliza: watagunduliwa lini kuwa hawajaoana? Katika hadithi ya Baghdad tunauliza: atalazimishwa kuacha? Walimu wa Bengal wana siri ya kuficha. Ala al-Din hana siri yoyote, ana haki. Kicheko cha Kibengali kinatuelemeza upande wa wadanganyifu dhidi ya mwajiri. Kicheko cha Alfu Lela kinatuelemeza upande wa akidi dhidi ya waliodhani wanaweza kuitumia kama nguo ya kuazima. Na ushindi wa mgeni ni wa kisheria kabla ya kuwa wa kimapenzi. Nyanya angekicheka kisa hiki. Naamini alikuwa akikijua.

Futuhi ya muhalili, hata hivyo, ina usiku mmoja tu wa kuchezea, nao huendelea kufupishwa kwa haya. Riwaya ya Kiswahili iliposhika suala la ndoa yenye nia mbaya, haikushika njia ya Baghdad. Chukua *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972). Ndoa ya Idi na Bahati ni halali mbele ya watu. Kilichoharibika ni kiu ya mali iliyo moyoni mwa mume, huku kiu ya mke ikiwa ya mapenzi. Kwa kuwa akidi ni kweli, Bahati hana mlango wa kutokea pale uongo unapofichuka. Hana cha kufichua kwa mwajiri yeyote. Msuko ambao Bengal ungezaa kicheko, huku unazaa tanzia, na sioni kuwa hilo ni suala la hulka ya mwandishi peke yake. Ni suala la mahali ambapo jamii imeuweka ukweli wa ndoa.

Sasa tunaweza kurudi kwenye nyimbo. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki Mombasa mwaka 2014, ndiye aliyekuwa mfalme wa taarabu ya mahadhi ya Kihindi katika pwani ya Kenya. Alichukua tuni za filamu na kuzitia maneno ya Kiswahili, mengi yakiwa yametungwa na ndugu yake Ahmad Nassir, mwandishi wa *Malenga wa Mvita* (1971). Zein l'Abdin wa Lamu, aliyepiga udi, alishika njia nyingine, ya mwelekeo wa Kiarabu, na wapenzi wa kambi hizo mbili walibishana kwa miaka. Ubishi huo ulikuwa juu ya mahadhi. Mimi nauliza juu ya maneno. Tuni inapotoka katika filamu huja peke yake, kama mtu aliyeshuka chomboni bila jamaa. Tuni ya vijana wanaotaniana bustanini inaweza kuozwa kwa shairi la wasia, la usaliti au la fumbo, na msikilizaji wa Malindi asione kasoro. Mtunzi aliyekulia katika shairi la mizani kumi na sita alijua kuurefusha na kuukata mstari ili uingie katika tuni ngeni bila kupoteza vina. Walichokiacha ni kisa. Katika nyimbo nilizozisikia na kuzipitia, sikukutana na mume na mke wa kuigiza hata mara moja. Nilikutana na walioapiana kweli kisha mmoja akavunja. Uchaguzi huo ni uhakiki wa filamu uliofanywa na watunzi wenyewe, kabla wahakiki wa vyuo hatujafika.

Itakuwa ni kosa, hata hivyo, kuiacha hoja mjini, kana kwamba Kilifi yote ni Shela ya Malindi. Mwendo mfupi kutoka bahari, kwenye minazi ya Kaloleni, David Parkin aliishi na Wagiriama na mwaka 1972 akachapisha kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja mitende, tembo na mashahidi. Huko ndoa haishuki kwa neno moja. Inajengwa. Kuna kadzama, tembo la kuombea na kubarikia, linalonywewa mbele ya wazee. Kuna mali inayotolewa kidogo kidogo, pengine kwa miaka. Na haki ya baba juu ya watoto wake inategemea mali hiyo kukamilika. Mwanamume anaweza kuitwa mume na majirani, akalima shamba na mkewe, wakazaa, na bado mbele ya wakwe zake akawa ni mtu ambaye shughuli yake haijesha. Wazee waliokunywa ndio kumbukumbu. Wakifa, ubishi huanza.

Kwa hiyo ile nafasi ambayo mjini ni nyembamba kama ukucha, bara yake ni pana kuliko hata ya Bengal. Ingetarajiwa basi kwamba futuhi ya ndoa ya kuigiza istawi huko. Lakini upana huo una wenyewe. Nafasi ya Kibengali iko wazi, imejazwa na vijana wawili na hisia zao. Nafasi ya Kigiriama imejazwa na wakwe, deni na mashahidi. Kati ya kuonekana umeoa na kuwa umeoa hakuna uongo, kuna salio. Mtu anayejifanya ameoa, hali hajatoa kitu, hachekwi kwa kudanganya, anadaiwa. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Ganze, nilipomaliza kuwasimulia *Manmoyee*, aliuliza swali ambalo halikuwa limenijia: wale walimu walipopendana mwishoni, nani alikwenda kwao mwanamke? Darasa lilicheka sana. Nadhani hicho ndicho kicheko ambacho filamu hiyo ingepata Kilifi, nacho si kile ilichokikusudia.

Sheria ya nchi nayo ina kauli yake, na hapa mzaha unakaribia kwisha. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Kenya ya mwanamke aliyedai urithi wa marehemu waliyeishi pamoja, ilikubali kwamba kukaa pamoja kwa muda mrefu na kujulikana na watu kuwa mke na mume huzaa dhana ya ndoa, hata kama sherehe haikuthibitishwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaziweka ndoa zote, za Kiislamu, za Kihindu, za Kikristo, za kiserikali na za kimila, chini ya paa moja na kutaka zote zisajiliwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema kwamba dhana ile ya ndoa bado ipo, lakini ni jambo la nadra lenye masharti makali, ikiwamo nia ya wawili hao. Tuwatazame tena walimu wetu wa Bengal kwa macho haya. Wanaishi nyumba moja. Wanaitwa mke na mume na mji mzima. Wakikaa hivyo miaka kumi, wakanunua kiwanja, kisha mmoja akafa, mwingine angesimama mbele ya jaji na kusema nini? Angetaka kuthibitisha kwamba mchezo ule ulikuwa kweli. Shemeji zake wangetaka kuthibitisha kwamba kweli ile ilikuwa mchezo. Ni msuko uleule, mistari ileile ya mazungumzo, lakini anayeusimulia ni mjane, na jengo ni la mahakama.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaoona kwamba hadhira yetu ilikosa utambuzi wa futuhi, au kwamba ilipenda kulia tu. Kauli hiyo nimeisikia katika semina zaidi ya moja. Hadhira iliyokataa kuucheka msuko huu ilikuwa imeshaufahamu, na ilikuwa ikiupima kwa mizani ambayo mtengenezaji wa filamu hakuwa nayo. Hata katika hoteli za Malindi na Watamu, ambako tangu utalii ulipokua kumesemwa mengi juu ya ndoa za vijana wetu na wageni wa Ulaya, mazungumzo ya mtaani hayaulizi kama wawili wale wanaigiza. Yanauliza aliandikisha nani, shahidi alikuwa nani, na nyumba imeandikwa kwa jina gani. Mwandishi atakayetaka kuandika futuhi ya Kiswahili juu ya jambo hili atalazimika kuanzia kwenye maswali hayo, kama msimulizi wa Baghdad alivyoanzia kwenye dinari 10,000.

Nimebakiwa na jambo moja kuhusu ile kanda ya video. Filamu ilipokaribia mwisho, dereva akavua kofia ya udereva, siri ikatoka, na yule mtu aliyejiona hodari wa kutambua watu akashindwa mbele ya nyumba nzima. Sote chumbani tulikuwa tunacheka, mjomba kuliko wote. Nyanya alingoja tunyamaze. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua hasa: "Na kumrejea, amemrejea kwa neno gani?" Kwa Shafii mume hamrejei mke kwa tabasamu, lazima aseme. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesikiliza maneno. Mjomba akainuka, akabonyeza kitufe, na kanda ikaanza kurudi nyuma.